Juu ya Kuhakiki Picha za Wengine

Kusahihisha kazi ya mtu mwingine ni jambo jepesi kwa ulimi na zito kwa akili. Katika ushairi wetu jambo hili lilipata adabu yake zamani. Mshairi aliyeona kasoro katika shairi la mwenzake alimjibu kwa shairi, na kwa hivyo alilazimika kuonyesha mizani na vina vyake mwenyewe kabla ya kulaumu vya mwingine. Kurasa za Mambo Leo, gazeti lililoanza kutolewa Dar es Salaam mwaka 1923, zilishuhudia majibizano ya namna hiyo kwa miaka mingi. Picha haina adabu kama hii. Anayeihakiki hutumia maneno kujibu kitu ambacho hakikusemwa kwa maneno. Halazimiki kuwa na kamera, wala kuwa amewahi kusimama juani akingojea wingu lipite. Ndiyo sababu, tangu ufundi wa picha ulipotangazwa Paris na London mwaka 1839, limekuwako swali la nani ana haki ya kusema kuwa picha fulani ni mbaya, na aseme nini hasa ili maneno yake yamfae aliyeipiga. Insha hii yalifuata swali hilo katika maisha ya watu wachache wa Uingereza na Marekani ambao habari zao zimehifadhiwa vizuri.

Katika miaka ya mwanzo uhakiki ulikuwa hukumu juu ya dawa na vioo kuliko juu ya picha. Ufundi ulikuwa mgumu. Njia ya kolodioni, iliyotangazwa na Frederick Scott Archer mwaka 1851, ilimtaka mpiga picha apake dawa juu ya kioo, akiingize katika kamera, apige picha na kuisafisha kabla kioo hakijakauka. Mtu aliyefaulu kupata sura safi kutoka pembe moja ya kioo hata nyingine alistahili pongezi kama mtu aliyerudi salama kutoka safari. Haikuwa ajabu basi kwamba watu walipoitazama picha walitafuta kwanza madoa, kisha wakapima ukali wa mistari yake, na pengine wakaishia hapo. Chama cha Picha cha London kilipoanzishwa mwaka 1853, mchoraji mmoja, Sir William Newton, alithubutu kuwaambia wanachama kwamba si lazima kila sehemu ya picha iwe kali, na kwamba ulaini kidogo waweza kuifanya ikaribie zaidi kweli ya maumbile. Maneno haya yalizusha ubishi mkubwa. Ubishi huo haukuwa umekwisha miaka kumi na moja baadaye, alipoingia katika chama mwanamke ambaye picha zake ziliwakera wengi.

Julia Margaret Cameron alizaliwa Calcutta mwaka 1815. Alikuwa na umri wa miaka 48 alipopewa kamera na binti yake na mkwewe, mwezi wa Desemba 1863. Makazi yake yalikuwa Freshwater, katika kisiwa cha Wight kusini ya Uingereza. Banda lake la kuku aliligeuza kuwa nyumba ya kioo ya kupigia picha, na ghala ya makaa ikawa chumba cha giza. Kwa maelezo yake mwenyewe alianza bila ujuzi wowote wa ufundi huo. Hata hivyo, kabla ya mwaka 1864 kwisha alikuwa mwanachama wa Chama cha Picha na kazi zake zilikuwa zimetundikwa katika maonyesho. Zilikuwa nyuso kubwa, zilizokaribia kuijaza karatasi, nusu yake zimezama katika kivuli, na mistari yake ilikuwa laini kana kwamba zimetazamwa kwa jicho lenye machozi.

Jarida la chama lilizitolea hukumu mwezi wa Februari 1865. Mhakiki alikiri kuwa bibi huyu ana ujasiri na upya wa fikira. Kisha akasema kuwa upya huo umepatikana kwa kuzitupa sifa nyingine zote za picha njema, na akailaumu kazi yake kuwa ni ya kizembe. Tusimwonee mhakiki huyo. Hakusema uwongo. Mtu akizitazama picha za Cameron leo ataona alama za vidole, madoa ya dawa, vumbi, na mahali ambapo utando wa kolodioni umeparuka. Kosa la mhakiki lilikuwa la mizani. Aliliweka doa na ulaini katika kapu moja, akavipima pamoja, akaviita vyote uzembe. Kumbe doa lilikuwa ajali na ulaini ulikuwa nia. Cameron alieleza baadaye kwamba alipokuwa akiisogeza lenzi na kuiona sura imefikia uzuri mbele ya jicho lake, alisimama pale pale, badala ya kuendelea kuikaza mpaka mistari iwe kali kama walivyofanya wengine. Mtu aliyemwambia akaze lenzi alikuwa akimwambia aache kuona alichokiona.

Swali lenyewe alikuwa amekwisha liuliza kabla ya hukumu hiyo kuchapwa. Siku ya mwisho ya mwaka 1864 alimwandikia rafiki yake Sir John Herschel, mwanachuoni wa nyota ambaye pia aligundua dawa ya kuzuia picha isififie, akataka kujua ukali wa picha ni kitu gani, na ni nani mwenye haki ya kusema kuwa ukali fulani ndio wa halali. Swali hili lingeweza kutolewa na mtu mwenye kiburi asiyependa kusahihishwa, na ndivyo baadhi ya wenzake walivyomfikiria. Lakini mambo mawili yanaonyesha kuwa Cameron hakukataa kusahihishwa.

La kwanza ni uhusiano wake na mchoraji G. F. Watts. Picha kadhaa za Cameron zilizokuwa mali ya Watts zimehifadhiwa sasa katika Makumbusho ya Victoria and Albert, London, na nyingi miongoni mwake zina mikwaruzo, nyufa na madoa ya kutosha kumtia haya mtu yeyote ambaye angezitundika ukutani. Wahifadhi wa makumbusho wanaona kuwa alizipeleka kwa Watts ili apate shauri lake. Yaani kazi zake zenye kasoro alimwonyesha mtu aliyemwamini, na zile alizoziona zimefaulu akawaonyesha watu wote. Watts naye hakuwa na lawama tu. Chini ya picha moja ya mwaka 1869 aliandika maneno mafupi ya sifa kwa mkono wake, na Cameron aliyachapisha pamoja na picha. La pili ni kwamba mwaka huo huo wa 1869 aliwapelekea wanachama wa Chama cha Picha, walewale ambao jarida lao lilimlaumu, swali juu ya nyufa zilizokuwa zikiziharibu negativu zake, yaani vile vioo vya kwanza ambavyo weupe wake ni weusi na weusi wake ni weupe. Juu ya nyufa alitaka kufundishwa. Juu ya ulaini hakutaka, kwa kuwa hapo hapakuwa na ugonjwa wa kuponywa. Alipoandika kumbukumbu zake mwaka 1874 alisema kuwa lawama zile zingeweza kumvunja moyo kabisa, kama asingejua kuzikadiria kwa thamani yake halisi. Mtu hujiuliza ni wangapi waliopokea lawama za namna hiyo bila kujua kuzikadiria, wakaifunga kamera sandukuni, na majina yao hatuyajui.

Huko Berlin hali ilikuwa nyingine. Picha za Cameron zilipata nishani ya shaba mwaka 1865 na ya dhahabu mwaka 1866. Hermann Wilhelm Vogel, mwalimu na mwanakemia, aliandika habari za maonyesho ya kwanza kwa unyofu unaopendeza: vichwa vile vikubwa visivyo na ukali vilionekana kwanza kama kazi ya wanafunzi wasioiva, na hata hivyo wapo walioguswa navyo. Naona kwamba sentensi hiyo moja ya Vogel ina faida kuliko kurasa nyingi za hukumu. Haifichi kasoro, wala haificha kwamba msemaji mwenyewe ameguswa na kitu asichoweza bado kukitolea sababu. Mhakiki aliye tayari kukiri kuwa jicho lake limeishinda kanuni yake amempa mpiga picha jambo la kufanyia kazi.

Miaka ya 1880 Vogel huyo alikuwa na mwanafunzi kutoka Marekani, jina lake Alfred Stieglitz, kijana aliyekwenda Ujerumani kusoma uhandisi akavutwa na kamera. Mwaka 1887 Stieglitz alipeleka picha kumi na mbili katika mashindano ya jarida moja la London la wapiga picha wasiofanya kazi hiyo kwa mshahara. Mwamuzi alikuwa Peter Henry Emerson, mganga aliyeacha uganga kwa ajili ya picha. Alimpa tuzo ya kwanza kwa picha ya watoto wa Bellagio, Italia, waliokusanyika wakicheka, akamwandikia kwamba katika mashindano yote ile ndiyo kazi pekee iliyotoka moyoni pasipo kulazimishwa. Stieglitz aliikumbuka sifa hiyo maisha yake yote, na hapana shaka ilimfaa kwa kuwa ilitaja sababu. Emerson hakuwa mtu mpole. Mwaka 1889 alitoa kitabu kilichowafundisha wapiga picha kwa ukali namna moja tu ya kuifuata kweli ya maumbile. Na kabla ya miaka miwili kupita alitoa kijitabu chenye ukingo mweusi, kama tangazo la msiba, akiyafuta mafundisho yake mwenyewe. Waliokuwa wamezichoma picha zao ili kumfuata walibaki na majivu.

Wakati huo huo, nje ya maonyesho na tuzo, Waingereza walikuwa na desturi ambayo historia kubwa huipitia kwa haraka. Wapiga picha wa miji na vijiji mbalimbali walijiunga katika vikundi vya posta. Kila mmoja alitia picha yake katika sanduku. Sanduku likazunguka kutoka nyumba hata nyumba, na pamoja nalo daftari ambamo kila mwenzake aliandika maoni yake. Sanduku liliporudi, mwenyewe aliitoa picha yake ya zamani na kutia mpya. Jambo linalostahili kuangaliwa hapa ni mwendo wake wa polepole. Aliyeandika maoni alijua kuwa wiki chache baadaye picha yake mwenyewe itakuwa mikononi mwa yule aliyemhakiki, katika sanduku lile lile. Hii yakaribia sana adabu ya washairi wetu.

Stieglitz alirudi New York mwaka 1890, na kwa muda wa miaka mingi alikuwa mhakiki anayeogopwa kuliko wote katika nchi yake. Alitoa jarida la Camera Work tangu 1903 hata 1917, na tangu Novemba 1905 alikuwa na vyumba vidogo vya maonyesho katika barabara ya Fifth Avenue, vilivyojulikana kwa namba ya nyumba, 291. Huko alikwenda mwanafunzi mmoja, Paul Strand, aliyezaliwa mwaka 1890. Alipelekwa mara ya kwanza pamoja na darasa lake na mwalimu wao Lewis Hine, yule aliyejulikana kwa picha zake za watoto waliotumikishwa viwandani. Strand alianza kama walivyoanza vijana wote wa siku zile: kwa lenzi ya ulaini. Ulaini ambao Cameron alitukanwa kwa ajili yake ulikuwa sasa umekuwa desturi ya watu waungwana, na wahakiki walewale ambao baba zao wangeukataa waliudai. Naliandika jambo hili bila dhihaka. Lakini lafaa kukumbukwa kila mtu anapotoa hukumu kwa kanuni iliyotangulia kazi.

Strand alikuwa akikusanya picha zake kila baada ya mwaka au miaka miwili, akazipeleka kwa Stieglitz azitazame. Alizionyesha pia kwa wapiga picha wengine wenye sifa, nao walimpokea kwa wema. Lakini alipokuwa mzee alisema kuwa msaada hasa aliupata kwa Stieglitz. Msaada gani? Alisimulia kwamba siku moja Stieglitz alizitazama picha zake zilizopigwa kwa lenzi laini, akamwambia kwamba lenzi ile huvifanya vitu vyote vifanane: majani huonekana kama maji, na maji kama gamba la mti, na kila kimoja hupoteza kile kinachokifanya kiwe chenyewe. Akamshauri alibane tundu la lenzi hiyo hiyo, ili vitu virudishiwe sura zao.

Maneno haya yana sifa ambazo tungeweza kuzipita kama hatukuzitazama kwa makini. Hayakusema kuwa Strand hana kipaji, wala kuwa anacho. Hayakumwambia apige picha za kitu kingine, au awe kama fulani. Yalitaja jambo linaloonekana katika karatasi iliyokuwa mezani mbele yao wote wawili, ambalo kijana angeweza kulikagua kwa macho yake mwenyewe: je, majani haya yanafanana na maji au hayafanani? Yakataja asili ya jambo hilo, yaani lenzi. Yakataja la kufanya, ambalo halikugharimu hata senti moja. Kisha yakaishia hapo. Safari ya kurudi nyumbani, na kazi ya kupata jibu, viliachwa kwa Strand.

Naye alifanya kazi hiyo kwa miaka. Mwaka 1915 alipeleka fungu jipya: watu wadogo wanaopita chini ya madirisha makubwa meusi ya benki katika Wall Street, na mitaa ya New York iliyotazamwa kwa namna ambayo haikuwahi kuonekana katika vyumba vile. Stieglitz alimwahidi maonyesho, yakafanyika mwezi wa Machi 1916. Toleo la mwisho la Camera Work, la Juni 1917, lilikuwa na picha za Strand kumi na moja, na miongoni mwake ile ya mwanamke kipofu mwenye kibao kifuani. Kwa msomaji wa Afrika yapendeza kuongeza kwamba Strand huyo huyo, akiwa na umri wa miaka zaidi ya sabini, alikwenda Ghana mwaka 1963 kwa mwaliko wa Rais Kwame Nkrumah, akapiga picha za watu na kazi zao. Kitabu chake kilitoka mwaka 1976, mwaka wa kifo chake. Majani katika picha hizo ni majani, na maji ni maji.

Lakini uhakiki waweza pia kuwa na cheo na mamlaka, na hapo mambo hugeuka. Mwaka 1935 serikali ya Marekani ilimwajiri Roy Stryker, mtu aliyekuwa akifundisha uchumi katika Chuo Kikuu cha Columbia, asimamie kazi ya kuonyesha kwa picha taabu ya wakulima wa nchi hiyo. Yeye mwenyewe hakuwa mpiga picha. Chini yake walifanya kazi Walker Evans, Dorothea Lange, Ben Shahn, Russell Lee na wengine ambao majina yao ni makubwa leo kuliko jina lake. Filamu zilipofika Washington Stryker ndiye aliyechagua, na kwa muda wa miaka kadhaa negativu alizozikataa zilitobolewa tundu kwa chombo cha kutobolea karatasi ili zisichapishwe kamwe. Wapiga picha walilalamika, na mwishowe desturi hiyo ikakoma. Negativu zilizotobolewa zingali katika Maktaba ya Bunge mjini Washington. Ukiitazama moja yake utaona mkulima amesimama mlangoni mwa nyumba yake, na mahali pa uso wake au juu ya bega lake pana duara jeusi.

Sijui uhakiki mwingine ulio mbaya kama huu. Hauna sababu ndani yake. Mpiga picha haambiwi ni mwanga uliokosa, au mkono uliotikisika, au kwamba picha iliyotangulia katika filamu hiyo ilikuwa bora. Hata aliyepigwa picha amehukumiwa pamoja na mpigaji. Na hakuna rufani: ukiambiwa neno baya juu ya picha waweza kulisahau, au kulibishia baada ya miaka thelathini, lakini tundu halibishiwi.

Ajabu ni kwamba mtu huyo huyo alijua njia nyingine. Mwaka 1942 alifika ofisini kwake kijana Mweusi, Gordon Parks. Stryker hakuanza kwa kuzikosoa picha zake. Alimtaka aiweke kamera kando, atoke akazunguke mjini: akanunue koti, akale chakula, akatazame sinema. Katika Washington ya siku hizo Parks alifukuzwa au kudharauliwa kila alipoingia. Alirudi amejaa hasira, akitaka kuipiga picha chuki yenyewe. Stryker alimwambia kuwa haitoshi kumpiga picha mtu mwovu na kuandika chini yake kuwa ni mwovu. Akamshauri akazungumze na mwanamke aliyekuwa akisafisha ofisi hizo usiku. Jina lake lilikuwa Ella Watson. Parks alizungumza naye juu ya maisha yake, kisha akamsimamisha mbele ya bendera ya Marekani, ufagio mkono mmoja na kitambaa cha kupigia deki nyuma yake, akampiga picha.

Stryker alipoiona alisema kuwa Parks ameanza kuelewa, lakini picha ile ingeweza kuwafukuzisha kazi wote. Hakuitoboa. Alimwambia aendelee na mama yule, na kwa muda wa wiki kadhaa Parks alimfuata Ella Watson nyumbani kwake, kwa wajukuu zake na kanisani kwake.